Kuacha utangazaji wa michezo Tanga: toka kwa karatasi, si kwa mdomo

Kabla hujamwambia mtu yeyote studio kwamba unaondoka, hakikisha ofa mpya iko kwenye karatasi na imesainiwa. Tanga ni mji mdogo. Ukimnong'oneza fundi mitambo asubuhi, jioni habari iko vijiweni Ngamiani, na kesho yake iko mezani kwa meneja. Mtu aliyezoea kutangaza usajili wa wengine hupata tabu kweli kuficha wa kwake, lakini hapa lazima ufiche.

Karatasi hiyo itaje cheo, tarehe ya kuanza, mshahara kabla ya makato, muda wa mkataba, kituo cha kazi na bosi wako ni nani. Ukiajiriwa na klabu, uliza zaidi. Njia ya kutoka kwenye utangazaji kwenda usemaji wa klabu imeshakanyagwa: Ahmed Ally alienda Simba, Ali Kamwe akaenda Yanga, wote wakitokea kwenye vyombo vya habari. Ila Simba na Yanga zina wadhamini ambao klabu nyingi za mikoani hazina. Kama wanaokuita ni Wagosi wa Kaya (Coastal Union) au Wana Kimanumanu (African Sports), uliza mshahara unatoka mfuko gani, mkataba unaishia mwisho wa msimu au unavuka, timu ikishuka daraja inakuwaje, na uongozi ukibadilika baada ya uchaguzi nani anarithi mkataba wako. Msemaji huhesabiwa kuwa mtu wa viongozi waliomleta. Wakiondoka wao, na yeye huonyeshwa mlango. Na jua kwamba ukishavaa jezi ya Coastal, mashabiki wa African Sports hawatakusikiliza tena kama mtangazaji wa wote.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: kwa sheria ya kazi ya Tanzania Bara, mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Unaondoka mahali ulipo na kinga, unaingia mahali ambapo kwa nusu mwaka huna. Kwa hiyo weka kando akiba ya matumizi ya miezi isiyopungua mitatu. Ukiweza sita, bora zaidi.

Hesabu ya pesa ndiyo inayowadanganya watangazaji kuliko kitu kingine, kwa sababu mshahara wa redioni mara nyingi ni sehemu tu ya kipato. Tuseme, kwa mfano, mshahara ni 600,000. Juu yake kuna harusi mbili za kusherehesha kwa mwezi, 250,000 kila moja, na posho za mechi 80,000. Jumla ni 1,180,000. Ofa ya 1,200,000 Dar es Salaam itaonekana maradufu ukiilinganisha na mshahara peke yake. Ukiilinganisha na kipato chote, umeongezewa 20,000, na hapo hujalipa kodi ya nyumba wala daladala. Harusi za Chumbageni na Makorora zilikuja kwa sababu watu wanaisikia sauti yako kila jioni. Sauti ikitoka hewani, simu za washehereshwa hupungua. Orodhesha vyanzo vyako vyote vya mwaka mzima, kisha kata vile vinavyotegemea kipaza sauti. Kinachobaki ndicho utakachoondoka nacho.

Sasa fungua mkataba wako wa sasa, maana aina yake ndiyo inayoamua unavyotoka.

Kama hauna ukomo na unalipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Kama ndiyo kwanza uko mwezi wa kwanza kazini, ni siku 7.

Kama ni wa muda maalumu, mwaka mmoja au miwili, mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi huteleza. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinasema mwenye mkataba wa namna hii anaweza kuacha kazi kabla ya muda tu iwapo mwajiri amevunja mkataba kwa jambo kubwa. Vinginevyo mwajiri lazima akubali kuumaliza mapema. Huendi na barua ya kuaga. Unaenda kuomba, na mkikubaliana mnasaini makubaliano ya kumaliza mkataba yenye tarehe na malipo. Ukiondoka kienyeji, anaweza kukudai.

Na kama huna mkataba wowote, unalipwa kwa kipindi au kwa posho? Usijione mpita njia. Sheria ya Taasisi za Kazi inakuchukulia kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, ukiwa umemfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kipindi cha saa mbili, siku tano kwa wiki, kinakaribia saa 43 kwa mwezi, na bado hatujahesabu muda wa kuandaa habari na siku za mechi. Tunza ratiba za vipindi na meseji za kupangiwa kazi. Ndio ushahidi wako.

Barua iwe fupi. Sheria inataka notisi iandikwe, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Mfano unaotosha:

"Yah: Notisi ya kuacha kazi. Leo tarehe 1 Juni natoa notisi ya siku 28, kwa sababu nimepata kazi nyingine. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 29 Juni. Nipo tayari kukabidhi majukumu na vifaa kwa utakayempanga. Naomba nilipwe stahiki zangu na kupewa cheti cha utumishi."

Basi. Malalamiko ya posho za mwaka juzi hayaingii humu. Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, ubaki nayo. Hesabu ya siku inaanza kesho yake, ndiyo maana barua ya tarehe 1 inaishia tarehe 29. Usiipeleke ukiwa likizo, na usidhani likizo itameza notisi: sheria inakataza notisi kutolewa au kwenda sambamba na likizo. Ile notisi ya "saa 24" inayozungumzwa vijiweni nayo si ya bure. Ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata kwenye malipo yako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo.

Mkabidhi meneja mwenyewe, mkononi, asubuhi kabla kikao cha habari hakijaanza. "Shikamoo mkuu, naomba dakika tano" inatosha kufungua mlango. Kumtumia barua kwa WhatsApp usiku baada ya kipindi ni utovu wa adabu, na mji huu hausahau.

Wakati mzuri ni baada ya ligi kumalizika, kabla msimu mpya haujaanza. Kituo kinapata nafasi ya kumwandaa mwingine. Mwajiri mpya akikutaka katikati ya msimu, mwambie wazi kwamba una notisi ya kutumikia. Anayekushauri utoroke kwa mwenzake amekuonyesha atakavyotaka uishi naye.

Siku za notisi zina mtego mmoja mkubwa. Kama unahamia klabuni, usitangaze, usichambue wala kuandika habari yoyote ya klabu hiyo kuanzia siku uliyosaini. Mwambie mhariri akupangie mechi nyingine. Ukiisifu, utaambiwa umenunuliwa. Ukiikosoa, utakuwa umeanza kazi mpya kwa ugomvi. Na ukishakuwa msemaji, kaa upande wa klabu. Kitambulisho cha uandishi si tiketi ya kuingilia uwanja wa Mkwakwani na kujibanza kwenye viti vya wanahabari.

Jiandae pia kutolewa hewani siku hiyohiyo. Vituo vingi hufanya hivyo kwa kuogopa mtu kumwaga sumu mubashara. Kwa hiyo kabla ya kupeleka barua, uwe tayari na nakala za mkataba, hati za mshahara na barua za kupandishwa cheo. Klipu za vipindi ni suala jingine: kazi uliyoifanya kama mwajiriwa kwa kawaida ni mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Omba ruhusa ya maandishi ya kutumia klipu tatu au nne kama mfano wa kazi zako. Ukiomba kwa wema, mara nyingi utapewa. Ukinyonya maktaba yote kwenye flashi usiku, umeiba.

Makabidhiano yaandikwe kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili: rekoda na namba yake, kipaza sauti, kitambulisho cha kituo, funguo, nywila za kurasa za kipindi, na uongozi wa kundi la WhatsApp la wasikilizaji. Hili la mwisho huleta ugomvi kuliko rekoda. Kama kundi lilifunguliwa kwa jina la kipindi, mfanye mrithi kuwa kiongozi wa kundi kwanza, kisha ujitoe. Ukijitoa kabla, linabaki bila mtu anayeeleweka. Namba za makocha na waamuzi waliokupa habari kwa siri usizikabidhi bila idhini yao. Wadhamini wa kipindi waachie watu wa masoko wawaeleze wenyewe.

Ukiruhusiwa kuaga hewani, sekunde arobaini zinatosha: washukuru wasikilizaji, wataje wenzako wa dawati na fundi mitambo, mtaje anayekurithi. Mwajiri mpya usimtaje, hapo unamtangaza bure kwenye hewa ya mwingine.

Stahiki zako ni mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyoichuma bila kuichukua, siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Siku 130 zinakupa siku 10. Kwa mshahara wa 600,000 na siku sita za kazi kwa wiki, gawanya kwa 4.333, kisha kwa 6: kama 23,079 kwa siku, yaani karibu 230,800 kwa siku kumi. Kiinua mgongo cha kisheria usikihesabu, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Kama ulichukuliwa mkoa mwingine ukaletwa Tanga, uliza pia usafiri wa kurudi ulikoajiriwa.

Pitia ofisi ya NSSF ukaombe taarifa ya michango. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kukukata zaidi ya nusu yake. Miezi iliyoruka idai ukiwa bado unaingia getini. Namba yako ya uanachama ni ileile: mpe mwajiri mpya, usijisajili upya. Mwenye ndoto ya kufungua chaneli yake ya habari mtandaoni apitie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza kwa ajili ya leseni.

Pesa zikikwama, andika barua ya kudai na utaje tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Wakinyamaza, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Tanga. Madai ya malipo yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ukiona kwamba ulilazimishwa kujiuzulu, siku ni 30 tu. Ahadi za "njoo wiki ijayo" hazisimamishi hesabu hiyo, hata akizitoa mhasibu mnayekunywa naye kahawa kila jioni.