Kuomba Bila Kukoma Katikati ya Kazi: Mwongozo kwa Mkristo wa Mombasa

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike "ombeni bila kukoma" (1 Wathesalonike 5:17), na katika waraka huohuo akawahimiza wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Kwa hiyo agizo hilo halimtaki mama anayeuza mboga Kongowea aiache meza yake, wala mpakuzi wa mizigo wa Kilindini aikimbie zamu yake. Katika kuwafundisha waumini wapya nimeona kwamba wengi wanaokata tamaa huwa wameanza na maombi marefu mno. Anza na machache yasiyobadilika.

Hatua ya kwanza ni kuweka saa. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku (Danieli 6:10). Petro alipanda darini kuomba yapata saa sita, na hekaluni alikwenda pamoja na Yohana saa tisa, saa ya kusali. Saa hizo zilihesabiwa tangu macheo, kama tunavyozihesabu sisi. Chagua alfajiri, saa sita mchana na jioni, na kila wakati sema Sala ya Bwana polepole, bila kuongeza kitu. Kengele ya simu inatosha kukukumbusha, ingawa kwa anayeishi Mji wa Kale au Majengo, sioni ubaya wowote adhana ya jirani zetu ikimkumbusha kwamba saa yake naye imekaribia.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni kuchagua mstari mmoja utakaoubeba kutwa nzima. Yohane Kasiani, mtawa wa karne ya 5 aliyejifunza kwa wazee wa jangwa la Misri, alifundisha kurudia Zaburi 70:1: "Ee Mungu, uniokoe, ee Bwana, unisaidie hima." Wakristo wa Orthodoksi wamedumu kwa karne nyingi na sala hii: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Usichague mstari kwa uzuri wake, bali kwa haja yako: mwenye hofu na achague neno la kumtegemea Mungu, na mwenye hasira achague la kuomba rehema. Uwe mfupi kiasi cha kusemwa kwa pumzi moja, kwa sababu utausema ukiwa umebeba mzigo, ukiwa umebanwa ndani ya matatu, au ukiwa kitandani mgonjwa, wakati ambapo akili haiwezi kutunga maneno. Useme kwa sauti ndogo siku za mwanzo. Baadaye midomo ikinyamaza, moyo utaendelea.

Kisha ufungamanishe mstari huo na mambo ambayo huwezi kuyakwepa. Anayevuka Likoni na auseme kila anapokanyaga feri, na dereva kila anapowasha injini. Kwa wapitao Kengeleni, ile kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870, ni ukumbusho unaofaa sana, maana ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu juu ya hatari. Chagua mambo matatu tu, na usiongeze la nne mpaka haya yawe yanakuja yenyewe bila kulazimishwa.

Ukishayazoea hayo, geuza matukio yenyewe yawe maombi. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, akamwomba Mungu wa mbinguni, ndipo akajibu (Nehemia 2:4-5). Mfalme alikuwa akingoja, kwa hiyo ombi hilo halikuweza kuwa refu. Fanya vivyo hivyo kabla ya kumjibu mteja mkali, kabla ya kupokea simu unayoiogopa, na king'ora cha gari la wagonjwa kinapopita barabara ya Makupa: mtaje mgonjwa huyo mbele za Mungu, hata kama humjui.

Ukisahau saa sita ukakumbuka saa nane, sema Sala ya Bwana mara moja hapo ulipo, wala usijaribu kulipa zilizopita, kwani aombaye kama mdaiwa huchoka upesi. Nawasihi pia msiubadilishe mstari wenu kila wiki kwa sababu umekuwa wa kawaida. Ikikulazimu kuubadilisha, tafuta mwingine mfupi kama ule wa kwanza, na uuseme katika mambo yaleyale matatu.