Barua mbili za kazi, daftari moja

Vijana wa hoteli za Nyali na Bamburi, hapa Mombasa, huniletea barua za kazi za Zanzibar, Dar es Salaam na Doha, na swali lao ni moja: wapi kuna haki zaidi? Hilo silijibu. Nafungua daftari, napiga safu mbili, ya kazi anayoiacha na ya kazi anayoiendea. Nchi hazilinganishwi, kazi ndizo hulinganishwa.

Anza na sheria inayoishika kazi yenyewe. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda hata mfanyakazi wa nyumbani. Qatar, mhudumu wa hoteli yumo katika sheria ya kazi ya 2004, lakini wa nyumbani ametolewa humo, akatungiwa yake mwaka 2017. Na ajenti akikwambia "sheria ya Tanzania", mwulize ipi: Bara wana ya 2004, Zanzibar wana yao ya 2005. Mkataba wa hoteli ya Nungwi, Zanzibar, usiusome kwa sheria ya Bara.

Likizo ndipo wengi huchezewa na tarakimu. Kenya ni siku 21 za kazi. Bara ni 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa macho, Bara imeshinda kwa wiki nzima. Sasa piga hesabu: anayefanya kazi siku sita kwa wiki, zile 28 zinabaki 24 za kazi, basi amezidi siku tatu tu. Anayefanya siku tano zinabaki 20, na hapo Kenya iko mbele. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, uliza wiki yao ya kazi ni siku ngapi.

Mshahara nao uuchambue. Tangu Machi 2021, kima cha chini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na 500 za malazi na 300 za chakula ikiwa mwajiri havitoi. Ukiahidiwa 1,800 kwa mbwembwe na nyumba ni juu yako, chakula ni juu yako, basi hapo umepewa kile kile cha chini kabisa.

Mstari wa mwisho katika safu zote mbili ni wa ugomvi, na watu huuruka. Ukifukuzwa bila haki Kenya, una miaka mitatu kufungua kesi mahakamani. Bara, malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo ziandike kwa wino mwekundu, kwa sababu ukirudi Mombasa kwanza upumzike, zitakwisha ungali kivukoni Likoni.