Kutumia minoksidili kichwani, hatua kwa hatua

1. Minoksidili ni dawa ya kupaka ya kuotesha nywele. Hakikisha tatizo ni upara wa kurithi. Kwa mwanamume nywele hurudi nyuma juu ya paji au huisha utosini. Kwa mwanamke hupungua pale anapochania njia ya katikati. Mabaka yenye magamba kwa mtoto huenda ni mapunye, yanayohitaji vidonge vya fangasi. Misuko ikikung'oa nywele za pembeni, ilegeze kwanza. Ngozi ikishang'aa bila vitundu, shina la nywele limekufa na dawa hailifufui.

2. Chagua nguvu. Ya maji, mwanamume 5%, mwanamke 2%. Ikikuwasha sana, mara nyingi ni propilini glikoli, kimiminika cha kuyeyushia dawa, iliyomo; hamia povu, halina hiyo. Mjamzito au anayenyonyesha asitumie.

3. Paka kwenye ngozi. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na 1 jioni. Kichwa kiwe kikavu, bila mafuta. Gawa nywele mistari, dondosha penye ngozi, sambaza kwa kidole, kisha nawa mikono. Mafuta ya nywele yaje baada ya dawa kukauka. Usioshe kichwa kwa saa 4, na ya jioni ipake saa 2 au zaidi kabla ya kulala, la sivyo mto utaihamishia usoni na vinyweleo viote kwenye paji. Paka wa nyumbani asilambe wala kugusa dawa hii, humuua.

4. Vumilia kupukutika. Hapa ndipo wengi huitupa chupa. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele huweza kudondoka kuliko mwanzo. Sababu yake ni hii: dawa hufupisha mapumziko ya shina, na shina linapoamka husukuma nje unywele mkuukuu uliokuwa ukingoja kudondoka. Unaokuja huanza mwembamba, kisha hunenepa. Kuzidisha dozi hakuharakishi, huongeza tu dawa inayoingia kwenye damu. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, kwa hiyo moyo ukienda mbio, ukipata kizunguzungu au miguu ikivimba, acha na umwone daktari. Kupukutika pekee si sababu ya kuacha. Piga picha utosi kila mwezi, mwanga uleule, pembe ileile. Kioo cha kila siku hudanganya. Pima matokeo mwezi wa 4 hadi wa 6.

5. Ongeza finasteridi, kidonge cha kuzuia upara, kwa wanaume, daktari akikubali. Miligramu 1 kwa siku hupunguza DHT, homoni inayodhoofisha shina; minoksidili haiigusi. Mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

6. Endelea. Ukiacha minoksidili, nywele ilizozishikilia huondoka ndani ya miezi 3 au 4.