Kutega Panya kwa Mikono Iliyochoka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Nimetega panya katika maghala ya nafaka ya Shimanzi na katika nyumba za Mji wa Kale, hapa Mombasa, kwa miaka 31. Tangu nilipovuka umri wa miaka 60, vifundo vya vidole vyangu vimevimba, na shina la kidole gumba cha kulia huniuma kila ninapobana kitu kidogo. Kwa bahati mbaya, mtego wa ubao wenye springi hudai kubana huko huko, na nguvu unayoitia kwenye ncha za vidole hulemea shina la gumba mara nyingi zaidi ya unavyodhani. Kazi sikuiacha, nilichobadilisha ni kiungo kinachobeba uzito wake.

Hatua ya 1: Pasha mikono joto.
Tumbukiza mikono katika karai la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, ukiikunja na kuikunjua polepole humo humo majini. Msimu wa kusi, hasa asubuhi za Juni na Julai, usiiruke hatua hii. Ukishamaliza, ikaushe vizuri na usipake mafuta, kwa maana mkono unaoteleza ni hatari mbele ya springi. Iwapo mikono hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, na vifundo vina uvimbe na joto, nenda ukaonane na daktari mapema, kwani baridi yabisi ya namna hiyo huharibu viungo isipotibiwa.

Hatua ya 2: Weka mitego bila kuikaza.
Panya hukiogopa kitu kipya kilichotokea njiani mwake. Kwa hiyo, kwa usiku tatu za mwanzo, weka mitego yenye chambo huku springi zikiwa zimelala, ili panya wale na kuzoea. Usiku wa nne, kaza ile tu ambayo chambo chake kililiwa. Zamani nilikuwa nikikaza mitego 40 kila jioni, na mingi ilikesha bure. Siku hizi hukaza 12 au 15, nami napata panya wale wale. Sijapata dawa ya kupaka iliyoipumzisha mikono yangu kuliko utaratibu huu. Chambo changu ni kipande cha nazi kilichochomwa juu ya makaa, ambacho hukifunga kwa uzi nikiwa nyumbani, mchana, mikono ikiwa bado ina nguvu.

Hatua ya 3: Kaza kwa uzito wa mwili.
Tafuta ubao mpana na upigilie kigongo cha mbao upande mmoja, ili mtego ukiegemezwa hapo usisogee. Kisha chonga kipande cha mti mgumu chenye urefu wa shibiri moja na nusu, unene wa mpini wa jembe, na mfuo kwenye ncha yake. Kizungushie utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kwa sababu mpini mnene usioteleza hauhitaji kubanwa sana.

Keti kwenye kigoda, ubao ukiwa sakafuni karibu na ukuta. Nasa upinde wa chuma kwa ule mfuo, uugeuze upande wa pili, kisha ulalie mti kwa kitako cha kiganja, kiwiko kikiwa kimenyooka, ili kifua na bega ndivyo vinavyokandamiza. Mkono wa pili, ambao sasa hauna kazi nzito, ulaze kile kijiti cha chuma juu ya upinde na kukiingiza katika tundu la kibao cha chambo. Ondoa mti taratibu. Usiubebe mtego uliokazwa. Usukume kwa fimbo hadi ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hupita akiambaa na kuta. Baada ya mitego 5, pumzika.

Hatua ya 4: Juu ya boriti, tumia kizimba.
Katika nyumba za kale panya wa dari hupita juu ya boriti za mikoko. Kukaza springi ukiwa juu ya ngazi kwa mikono dhaifu ni kujitafutia ajali. Huko weka mtego wa kizimba, ambao mlango wake huinuliwa kwa kidole kimoja.

Hatua ya 5: Tegua kwa koleo.
Vaa glavu za mpira zilizozidi mkono wako saizi moja, kwani zinazobana huvuta vifundo wakati wa kuzivua. Mkojo wa panya hubeba leptospirosisi, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita homa ya mgunda, na huingia mwilini kupitia ngozi iliyopasuka. Nyunyizia mzoga na mtego klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, usubiri dakika 5, kisha inua upinde kwa koleo lenye mikono mirefu na uudondoshe mzoga moja kwa moja ndani ya mfuko. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, na sasa ndipo upake mafuta ya nazi, ukisugua shina la gumba polepole hadi ukakamavu ulegee.