SOMO: Kabla hujauliza "nifungue stoo wapi?" piga hesabu ya stoo, akiba ya mzigo na ruti kwa pamoja

Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo naliandika hapa liishe. Ni kwa mnaosambaza bidhaa za jumla kutoka Mwanza mjini kwenda Magu, Sengerema na Ukerewe.

1. Orodhesha wateja na mauzo yao ya wiki kwa katoni.

2. Andika gari lako linabeba katoni ngapi.

3. Chora ruti kabla ya kuchagua stoo. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anapima umbali kutoka stoo hadi kila duka, anajumlisha, anapanga penye jumla ndogo. Lakini gari haliendi duka moja na kurudi, linazunguka maduka mengi kwa safari moja. Watafiti Salhi na Rand walionyesha tangu 1989 kwamba kuchagua ghala bila kuangalia mizunguko kunaweza kukupeleka mahali pabaya. Na hali hubadilika: daraja la Kigongo–Busisi, njia ya Mwanza kwenda Sengerema, lilifunguliwa Juni 2025, gari halisubiri tena kivuko. Uliyeweka stoo Sengerema kwa kuogopa foleni, rudia hesabu. ONYO: usilipe kodi ya mwaka kabla ya kuchora mizunguko ya wiki nzima, na kilomita za kurudi tupu uzihesabu.

4. Akiba. Duka linalopitiwa kila siku 14 linahitaji mzigo wa siku 14, wa siku za kusubiri oda, na wa dharura (mauzo yakizidi ulivyotegemea). Ukipunguza safari, mafuta yanapungua lakini mtaji unalala. Jumlisha kodi, mafuta na gharama ya mtaji uliolala.

5. Rudia 3 na 4 kwa kila stoo unayoifikiria. Chukua yenye jumla ndogo.

MASWALI

— Mkuu, kwa kifupi, stoo iwe Nansio (kule Ukerewe) au Sengerema?

Sijui mauzo yako wala gari lako. Anza hatua ya 1.

— Stoo nne badala ya moja, si mzigo ni uleule?

Wa kuuza, ndiyo. Wa dharura, hapana. Kama stoo moja inataka katoni 100 za dharura, ukigawa nne zinazouza sawa, kila moja itataka kama 50. Jumla 200. Hiyo ni pale ambapo mauzo ya eneo moja hayafuati ya jingine.

— Mialoni (wanakoshushia samaki na dagaa) mauzo hushuka wakati wa mbalamwezi. Hesabu inabadilika?

Sana, dada, na asante kwa kuliona. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo pesa ya mialo hupanda na kushuka pamoja. Mwalo mmoja hauwezi kufidia mwingine, hivyo kukusanya mzigo stoo moja hakupunguzi mzigo wa dharura kama nilivyosema hapo juu. Fikisha mzigo kabla giza halijaanza. Mbalamwezi, punguza safari za huko.

— Ukerewe nipitishe ziwani au Kisorya?

Ukipita Bunda hadi Kisorya, gari linavuka na kivuko kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe, na kushusha dukani. Ukipakia bandarini Mwanza, weka gharama ya wapagazi pande zote mbili. Sukari na unga vifunge turubai hata kiangazi.