Siku tano Málaga: panga tiketi kwanza, bahari itakusubiri

Wengi ninaowapangia safari ya Málaga, mji wa pwani kusini mwa Hispania, wanaanza na hoteli na bichi. Mi naanza na vitu vinavyowahi kuisha, maana bahari haijai watu ukaambiwa rudi kesho. Chukulia una siku tano, unafika Jumatano unaondoka Jumapili jioni.

Hatua ya 1: Alhambra, kabla ya kitu kingine chochote. Ni ngome na makasri ya zamani ya watawala Waislamu, iko mji wa Granada, kama saa moja na nusu kwa basi, na tiketi inakupa saa maalum ya kuingia Palacios Nazaríes, yale makasri yenyewe, ikipita imepita hata ulie. Nilishapeleka familia moja tukakwama njiani, tukachelewa dakika arobaini, wakaishia bustanini na ngomeni na mama wa watu alikaa kwenye benchi machozi yanamtoka kwa sababu alichofuata toka Mombasa ni zile kuta zenye maandishi ya Kiarabu. Iliniuma sana. Tangu siku ile nachukua saa ya mchana na basi la asubuhi mapema, muda wa ziada bora uwe mwingi. Halafu tiketi ikiandika 13:00 ni saa saba yetu, usije ukachanganya na saa moja. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na ubebe pasipoti yenyewe sio picha ya kwenye simu. Weka Alhamisi.

Hatua ya 2: Caminito del Rey, Jumamosi. Ni njia ya mbao iliyopachikwa kwenye ukuta wa korongo, ilifunguliwa upya 2015, matembezi yote karibu kilomita 7.7, kofia ngumu unapewa. Watoto chini ya miaka 8 hawaruhusiwi, na Jumatatu wanafunga. Treni za kwenda El Chorro, kijiji kilicho karibu na njia hiyo, ni chache, kwa iyo angalia ya kurudi kabla hujalipa tiketi ya njia. Mnatembea kutoka upande wa Ardales mnatokea El Chorro, basi dogo ndo linawapeleka mwanzo. Kama kuna mwenzenu anaogopa urefu msimlazimishe, nendeni mji wa Ronda mkaone Puente Nuevo, daraja lililokamilika 1793, karibu mita 98 juu ya bonde.

Hatua ya 3: Ijumaa pumzikeni mjini, safari mbili ndefu mfululizo zinaua miguu. Asubuhi soko la Atarazanas (Jumapili limefungwa), na ukifika pale mlangoni simama kidogo uangalie lile tao la zamani la Waislamu, jina linatoka kwenye Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya ufundi, ukoo mmoja na sanaa yetu. Mi kila nikipita pale nafurahi. Mchana makumbusho ya Picasso, alizaliwa mji huu huu 1881. Chakula cha usiku wanaanza kama saa tatu, ukienda saa kumi na mbili jikoni kwingi kumefungwa.

Hatua ya 4: Jumatano ile ya kufika, usipange kitu zaidi ya Pedregalejo, mtaa wa ufukweni hapo hapo Málaga. Panda basi namba 11 kutoka Alameda, barabara kuu ya katikati ya mji, shuka, fuata moshi. Utakuta mashua ya zamani imejazwa mchanga, moto wa kuni unawaka juu yake, na dagaa wakubwa, kama sita hivi, wametungwa kwenye kijiti kimoja kilichochomekwa pembeni ya makaa, upande wa upepo. Mchomaji anageuza kijiti tu, samaki haguswi. Hiyo ndo espeto, chumvi ya mawe basi, na unakula kwa vidole. Kuanzia Mei mpaka Agosti dagaa wananona, ndo muda wake.

Jumapili nawaachia Alcazaba, ngome ya zamani ya Waislamu mjini, makusudi, kuanzia saa nane mchana kiingilio ni bure. Mabegi yaacheni hotelini, mkishuka pale yachukueni kisha pandeni treni ya C1, inapita uwanja wa ndege moja kwa moja.