Namna ya kumjibu anayeuliza kuhusu laana ya ukoo: mwongozo kwa viongozi wa jumuiya

Nimehudumu kwa miaka mingi kama mwinjilisti wa mtaa katika usharika wa Kilutheri nchini Tanzania, na maswali mengi ya Biblia ninayoulizwa hayatoki darasani. Hunifikia msibani, njiani baada ya ibada ya jumuiya, au usiku kwa ujumbe wa simu. Mengine ni mepesi na hayahitaji mwongozo. Anayeuliza Kaini alimpata wapi mke, msomee Mwanzo 5:4, panaposema kwamba Adamu alizaa wana, waume na wake. Anayetafuta sura yenye maneno “Jisaidie nami nikusaidie”, mwambie kwa upole kwamba hayamo katika Biblia.

Mwongozo huu unahusu maswali ya aina nyingine, yale ambayo nyuma yake kuna mgonjwa, deni, ndoa au kaburi. Nitatumia swali moja tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni hili: je, laana ya ukoo ipo? Nimelichagua kwa sababu ndilo nililowahi kulijibu vibaya, na kosa hilo ndilo lililonifundisha utaratibu ninaoufuata sasa. Unachohitaji ni Biblia ya Muungano, yaani ile tafsiri ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekariri mistari yake, tafsiri moja ya Kiswahili cha leo kama Habari Njema, itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoonyesha kila neno linapatikana katika mistari gani, na daftari.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kujibu

Mama mmoja alinisimamisha baada ya ibada ya jumuiya, watu wakiwa bado wanakunja mikeka, akasema, “Mwinjilisti, naomba kuuliza. Laana ya ukoo ipo au haipo?” Nilifurahi, kwa maana jibu nilikuwa nalo tayari. Nilifungua Ezekieli 18:20, nikasoma kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, nikamwombea, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Baada ya wiki kadhaa nilikuja kujua kwamba mwanawe wa miaka tisa alikuwa na kifafa. Ndugu wa mume walikuwa wamemwambia kwamba ugonjwa huo unatokana na damu aliyoimwaga babu wa mtoto, na mtu mmoja aliyejiita mtumishi alikuwa amemtaka atoe ng'ombe ili laana ikatwe, na tena aache kumpa mtoto dawa za hospitali, kwa kuwa eti kuzitumia ni kukosa imani. Mstari niliomsomea ulikuwa wa kweli, lakini haukugusa ng'ombe wala dawa, na mtoto alikuwa amekaa siku nyingi bila dawa huku akianguka mara kwa mara. Laiti ningemuuliza swali moja tu, “Mama, ni jambo gani limekufanya uulize?”, angeniambia yote palepale.

Kwa hiyo uliza hilo kwanza, tena faraghani ikiwa watu wako karibu. Kisha uliza ni nani aliyemwambia, na alisomewa mstari gani. Andika mstari huo katika daftari, kwa kuwa utauhitaji.

Hatua ya pili: yatenganishe maswali yaliyomo ndani ya swali

Swali la mama yule lilibeba matatu. La kwanza ni la Biblia: je, Mungu humwadhibu mtoto kwa dhambi ya mzazi? La pili ni la ugonjwa: kifafa cha mwanangu kimetoka wapi? La tatu ni la uamuzi: je, nimtoe ng'ombe? Ukiyajibu yote kwa mstari mmoja, utakuwa umejibu moja na kuyaacha mawili yaendelee kumtesa. Yaandike kila moja kwenye mstari wake kabla hujafungua Biblia.

Hatua ya tatu: anza na mstari aliosomewa yeye

Wengi wetu hukimbilia mstari unaotuunga mkono. Huo si uaminifu, na muulizaji hubaki akidhani kwamba Biblia ina mistari miwili inayopigana, na kwamba kila mhubiri huchukua ule anaoupenda. Mama yule alikuwa amesomewa Kutoka 20:5, mahali ambapo Bwana anasema, “nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao”. Soma naye mstari huo polepole, ukisimama katika mambo yafuatayo.

Simama kwanza katika neno “nawapatiliza”. Ni Kiswahili cha zamani, na nimeona hata wazee wa kanisa wakilisoma bila kulielewa. Kumpatiliza mtu ni kumdai kosa na kumwadhibu kwa ajili yake. Mtu asiyelijua hujaza maana yake mwenyewe, na mara nyingi hujaza maana ya kurogwa, kana kwamba kuna kitu kilichotumwa kifuate damu ya ukoo. Mstari hausemi habari ya kitu kinachotumwa. Anayetenda ni Mungu mwenyewe, na Mungu aweza kuombwa moja kwa moja, bila dalali.

Kisha simama katika neno la mwisho, “wanichukiao”. Onyo hilo limo ndani ya amri inayokataza sanamu, na linaihusu nyumba ambayo watoto wanaendelea kumchukia Mungu kama wazazi wao. Vizazi vitatu au vinne ndivyo watu wanaoweza kuishi pamoja katika boma moja, babu, wana, wajukuu na pengine kitukuu, na kila aliyekulia katika boma la namna hiyo anajua jinsi ulevi, ukatili au ibada ya uongo ya mzee mmoja inavyowafundisha na kuwaumiza wote. Wala usiufunge ukurasa kabla ya kusoma mstari wa 6, unaosema kwamba Mungu huwarehemu “maelfu elfu” wampendao. Adhabu imehesabiwa hadi vizazi vinne, rehema imehesabiwa kwa maelfu, na waliomtisha mama yule hawakumsomea hesabu ya pili.

Hatua ya nne: ifuate mada katika Biblia nzima, hata panapokupinga

Hapa ndipo itifaki inapofanya kazi. Usifiche mistari migumu. Maombolezo 5:7 inalia kwamba baba zetu walitenda dhambi, nao hawapo tena, na sisi tumeyachukua maovu yao. Kilio hicho ni cha kweli. Watu wa Yerusalemu waliteseka kwa sababu ya maamuzi ya waliowatangulia, kama watoto wa leo wanavyoteseka kwa shamba lililouzwa na baba mlevi. Mkubalie muulizaji jambo hilo, kwa kuwa analiona kwa macho yake. Kurithi maumivu ya kosa la mzazi ni jambo moja, na kuhesabiwa hatia ya kosa hilo mbele za Mungu ni jambo jingine.

Sasa nenda Ezekieli 18, na uisome sura nzima. Ezekieli alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mateka kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, naye alisema na watu waliokuwa na mithali midomoni mwao, kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu anawakataza kuitumia tena mithali hiyo katika Israeli. Halafu sura inamfuata mtu mmoja, mwanawe na mjukuu wake: wa kwanza ni mwenye haki, wa pili ni mnyang'anyi mmwagaji damu, na wa tatu anayaona maovu ya baba yake, anaogopa, wala hayatendi. Huyo mjukuu ataishi. Mimi humwomba muulizaji aisome mwenyewe mistari ya 14 hadi 18 kwa sauti, kwa maana hiyo ni hadithi ya ukoo kabisa, yenye babu, baba na mtoto, na watu wetu huielewa bila maelezo mengi.

Jihadhari na jambo moja katika mstari wa 20. Tafsiri ya Muungano husema, “Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa”, na wapo wanaodhani kwamba inazungumzia roho peke yake, iliyo mbali na mwili. Neno la Kiebrania lililoko hapo ni lile lile la Mwanzo 2:7, ambapo mtu akawa “nafsi hai”. Maana yake hapa ni mtu mwenyewe, mzima. Linganisha na tafsiri ya Kiswahili cha leo ili muulizaji alione hilo.

Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza swali la mama yule karibu neno kwa neno, nani alitenda dhambi, kipofu huyu au wazazi wake, na Yesu anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Kisha anamponya, wala hamtozi malipo yoyote.

Kuhusu kifafa, tafuta neno lenyewe katika itifaki. Utaletwa Mathayo 17:15, habari ya kijana aliyeponywa baada ya pepo kukemewa, na huo ndio mstari unaotumiwa kuwaambia wazazi kwamba kila kifafa ni pepo. Lakini utaletwa pia Mathayo 4:24, ambapo mwinjili yule yule anawataja “wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza” kama watu wa makundi tofauti. Nilipouona mstari huo kwa mara ya kwanza nikiwa na swali hili mkononi, nilisikitika kwamba nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuuona.

Hatua ya tano: sema makanisa yanapotofautiana

Wako Wakristo wacha Mungu wanaofanya maombi ya kufunguliwa vifungo vya ukoo, nao hutumia Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Sema kwa haki kwamba Paulo pale anazungumzia laana ya torati, wala hataji ukoo, lakini kwamba aliyetukomboa katika laana kubwa hakuacha nyingine ya kulipiwa ng'ombe. Usiwadharau wanaofundisha tofauti nawe. Muulizaji ana ndugu katika makanisa hayo, na ukiwatukana, hatarudi kwako.

Hatua ya sita: liandike jibu, na sentensi ya kwanza iwe jibu

Andika kwa ufupi, katika maneno ambayo muulizaji anaweza kuwasomea watu wa nyumbani kwake. Hili ndilo nililomwandikia mama yule nilipomrudia kumwomba radhi:

“Mama, mwanao habebi hatia ya babu yake mbele za Mungu. Soma Ezekieli 18 yote, na Yohana 9:1-7. Kutoka 20:5 inawaonya wanaoendelea kumchukia Mungu, na wewe unamwomba kila siku. Kifafa ni ugonjwa, na Mathayo 4:24 inautaja mbali na pepo. Mrudishie mtoto dawa kama daktari atakavyoelekeza, nasi tutaendelea kumwombea. Mungu hakudai ng'ombe.”

Angalia kwamba kila moja ya maswali matatu ya hatua ya pili limepata sentensi yake. Ukikuta moja halijajibiwa, ongeza.

Hatua ya saba: mkabidhi kwa anayehusika, kisha urudi

Dawa si eneo letu. Mimi nilimsindikiza mama hadi kliniki, kwa kuwa alihofia kugombezwa kwa kuziacha. Suala la ndugu wa mume nililipeleka kwa mchungaji, ambaye alikwenda kuketi nao. Pale ambapo mtoto anapigwa, anafungwa kamba au ananyimwa chakula kwa jina la maombi, usisubiri kikao chochote. Nenda ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo.

Weka tarehe ya kurudi katika daftari. Niliporudi, mama hakuuliza tena habari ya laana. Aliuliza kama anaweza kumleta mwanawe ibadani bila watu kumkimbia akianguka, kwa sababu wengi huamini kwamba povu lake huambukiza. Haliambukizi. Swali hilo tulilijibu wote pamoja Jumapili iliyofuata, wazee wa kanisa wakiwa wamesimama mbele na muuguzi mmoja wa usharika akiwaonyesha: mwondolee vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimkandamize, tazama saa, na ikipita dakika 5 bila degedege kukoma, mkimbizeni hospitali. Mtoto yule sasa huketi benchi la tatu upande wa kwaya, na wazee wawili wanaokaa nyuma yake wanajua la kufanya.